Masika ya Kumwaga Oili

Jumapili, 2 Machi 2003

Daftari hili ni la darasa la tano, limebaki bila mwenyewe, nami nimelichukua bila haya. Nimefundisha watoto wa Kibosho miaka ishirini na sita. Serikali inaweza kunivumilia daftari moja.

Rogath, mume wangu, anapofuka. Haya, nimeliandika, na mkono haukukatika.

Ijumaa tulikwenda kliniki ya macho mjini. Daktari, binti mdogo anayeongea polepole, alisema ni presha ya macho. Imeshakula pembeni kote, imebaki katikati. Kilichokwenda hakirudi, na matone yatachelewesha tu. Akamuuliza, "Mzee, unaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, au siyo?" Rogath akajibu ndiyo. Ndiyo! Mwaka mzima ananiambia kikombe nimekiweka mbali, mlango nimeuacha wazi, paka amekaa njiani makusudi. Nami namjibu, tunagombana, kumbe mwenzangu anaishi ndani ya bomba na hasemi.

"Litaziba lini?" aliuliza, kama anayeuliza ratiba ya basi.

"Huenda mwisho wa mwaka. Huenda kabla ya hapo."

Tulipotoka, aliniambia, "Mama Stella, nilikuahidi kitu mwaka sabini na nane." Nikajua hapo hapo. Wakati ule alikuwa dereva wa lori, anabeba viazi kutoka Ngarenairobi, upande wa magharibi wa mlima. Alirudi siku moja akaniambia kwamba Kibo, kilele cha mlima wetu, tunayoiangalia sisi ni kisogo, uso uko kule. Tulikuwa tumeoana miezi mitano. Akaahidi kunipeleka. Ikaja vita, halafu petroli ikaadimika, halafu Stella akazaliwa, halafu maisha. Nina miaka hamsini na mbili, nimezaliwa juu ya mlima huu, na uso wake sijauona.

"Twende tukauone wote wawili," alisema, "kabla ya kuziba."

Nikamwambia gari si lipo. Akatikisa kichwa. "Gari haliendi Ngarenairobi na oili ile. Ya gia boksi na ya difu ya nyuma. Nilipaswa kuibadilisha mwaka jana, nikawa siioni alama."

"Basi fundi."

"Fundi hagusi gari langu."

"Sasa nani?"

Akanitolea ufunguo mfukoni.

Jumanne, 4 Machi

Jua kali. Mlima umefunguka wote tangu asubuhi, kisogo na kila kitu. Rogath hakuuliza habari zake.

Jumamosi, 8 Machi

Lazima nilieleze gari lenyewe, maana ni mke mwenza. Ni Subaru ya bluu, iliyotumika Japani, inapanda milima kwa magurudumu yote manne na ina turbo. Rogath aliinunua alipoacha kazi ya kuendesha watalii. Wenzake walinunua ng'ombe. Kijiji kizima kilicheka: gari la kasi, na barabara yetu ina mawe makubwa kuliko mbuzi! Yeye alijibu, "Nimeendesha lori la kahawa miaka ishirini, kilomita arobaini kwa saa. Nataka kabla sijafa nikanyage kitu kinachoitika." Mimi sikucheka. Nilinuna, ambayo ni tofauti.

Leo ilikuwa somo la kwanza. Amekaa kwenye kigoda uwanjani, mimi nimevaa ovaroli lake, nimelala uvunguni. Tumeinua gari kwa jeki, tairi zote nne zimekaa juu ya vipande vya mbao nene, na mawe yamezuia pande zote. Ameyagusa mawe moja moja kwa mkono kabla hajaniruhusu kuingia.

"Unaona nini?"

"Uchafu."

"Nyuma ya uchafu?"

"Kitu kikubwa, kina tumbo."

"Hiyo ndiyo gia boksi. Fuata bomba refu linalozunguka, ile propela, mpaka nyuma. Pale kuna tumbo dogo katikati ya magurudumu. Hiyo difu. Ina nati mbili, ya juu ya kujazia, ya chini ya kumwagia. Unafungua ipi kwanza?"

"Ya chini."

"Umefeli. Ya juu kwanza. Ukimwaga halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, umebaki na gari tupu. Rudia."

Nikarudia, mwalimu mzima. Mama mkwe wangu, Mama Veronika, akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Ana miaka themanini na nne. Akainama, akaitazama miguu yangu, akamuuliza mwanawe kwa Kichagga kama nimekufa.

Jumatano, 12 Machi

Mawingu yamekaa kwenye migomba. Hayanyeshi, yamekaa tu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeteremka Njoro kwa Gidioni kununua oili. Alikuwa fundi wa malori yale yale ya kahawa, wakapunguzwa kazi siku moja na Rogath, akafungua gereji yake. Nilimkuta anakula.

"Shemeji! Lete gari hapa, nusu saa tu limekwisha."

"Hataki liguswe na fundi."

"Najua. Na mimi la kwangu nisingekubali." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Macho vipi?"

Nikamwambia. Akasimama, akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akanipa oili ya gia namba tisini, lita tatu na nusu za gia boksi na chupa moja ya difu, na spana yenye kichwa cha nyota niirudishe nikimaliza. Akaniuliza kama ninajua kuendesha. Leseni ninayo tangu tisini na nne, niliichukua ili kumkomoa Rogath, sikuwahi kuitumia zaidi ya mara nne.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Imeanza saa nane mchana, darasa zima limegeukia dirishani, na mimi pia. Tumeisikia ikishuka kutoka msituni kabla haijatufikia.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mlima umefungwa.

Jumamosi, 22 Machi

Gia boksi imekwisha, na nimeifanya mimi!

Asubuhi nililiendesha mpaka kanisani na kurudi, ili oili ipate moto, maana ikiwa baridi haitoki yote. Tukalipandisha juu ya mbao zake. Nati ya juu kwanza. Halafu nikaweka beseni, nikashika spana ya nyota kwa mikono miwili, nikamwomba Mungu, nikavuta. Ikalegea. Oili ikatoka nyeusi, ya moto, haina sauti kabisa. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha pembeni, ukungu umeingia mpaka kwenye magurudumu, nami nimelala pale chini naangalia uzi ule mweusi unavyoshuka. Sijui nilikaa muda gani. Nilijisikia kama mtoto aliyejificha mahali ambapo hakuna atakayemtuma kitu.

Baadaye Rogath, kutoka kwenye kigoda chake, aliomba nimpe kidogo kwenye kiganja. Akaisugua kwa kidole gumba, akainusa. "Imechoka, lakini haijaungua," akasema. "Bado ni gari."

Tumejaza lita tatu na nusu, tumepima kwa chupa. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, amesema tutaisoma siku ya kuteremka. Nikauliza habari za difu. "Ile ni Jumamosi ijayo. Unajaza mpaka iteme, basi. Ila ina mambo yake." Kabla hajaeleza mambo gani, mvua kubwa ikatukimbiza.

Jumatano, 26 Machi

Mlima umefungwa. Rogath ameweka kikombe hewani, pembeni ya meza. Nimeokota vigae kimya kimya, naye amejifanya anasikiliza redio.

Jumamosi, 29 Machi

Kuna msiba Uru. Rogath na Mama Veronika wameondoka asubuhi, mimi nimebaki na ng'ombe. Saa nne mvua ikakatika, jua dogo likatoka, gari lipo juu ya mbao linaningoja. Nikasema moyoni, kwa nini asirudi akute kazi imekwisha?

Difu ni rahisi kuliko nilivyodhani. Nati ya juu, nati ya chini, ikatoka oili kidogo tu. Kwenye ncha ya nati kuna sumaku, nayo ilikuwa na unga wa chuma, nikaifuta kama alivyonifundisha. Nikafunga chini, nikaanza kujaza kwa mpira mwembamba. Ikatema haraka. Nikashangaa, maana theluthi nzima ya chupa ilikuwa imebaki. Lakini aliniambia mpaka iteme, na imetema. Nikafunga, nikalishusha gari, nikaoga.

Alipoingia jioni nilimwambia. Aliliendea gari, akapiga magoti kwenye tope, akaigusa difu kwa vidole, ikawa kavu, haivuji. Akauliza, "Imeingia chupa yote?"

Alivyouliza! Uso umeinuka, ana furaha kama siku ile Stella alipofaulu darasa la saba. Nikasema, "Yote."

Akanishika kichwa kwa mikono yake yenye tope. "Umewashinda mafundi."

Chupa nimeificha nyuma ya mapipa ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Sijui kwa nini nimesema uongo. Ninajua. Ningesema kweli, angesema ningemngoja, na ile furaha ingeondoka.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua siku tatu mfululizo. Barabara imekuwa mto. Kila asubuhi Rogath anauliza, "Umefunguka?" Namjibu bado.

Jumatatu, 7 Aprili

"Umefunguka?" Bado.

Nimeota oili inashuka kutoka Kibo, nyeusi, taratibu, inapita kati ya migomba bila kuikanyaga. Mama Veronika alikuwa anaikinga kwa kata.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo tumeteremka hadi barabara ya lami ili nizoee usukani. Nilikuwa naendesha vizuri, na ninalisema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema. Tulipofika lami akasema, "Sasa ongeza." Nikaongeza. Kwenye sitini kikaanza kitu nyuma, mlio mwembamba, kama mbu mkubwa. Nikaongeza sauti ya mazungumzo. Rogath akainua kidole.

"Punguza." Mlio ukashuka. "Ongeza." Ukapanda. "Simama."

Nikasimama pembeni. Akashuka, akaenda nyuma akishika bodi kwa mkono, akainama, akaweka kiganja kwenye difu, akakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto mno. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, kwenye majani yenye maji, suruali yake nzuri.

"Nimeliua mwenyewe," akasema. "Nilijua sioni. Mwaka mzima najua sioni alama, najua oili imepita muda wake, nikanyamaza. Kwa ajili ya kiburi tu. Sasa meno ya difu yamekwisha."

Na akalia. Katika miaka ishirini na mitano nimemwona Rogath akilia mara moja, tulipomzika mtoto wetu wa pili. Nikakaa karibu naye. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa, maneno yamefika kwenye meno. Nilichosema ni, "Usilie, Baba Stella."

Usilie! Hilo tu.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Rogath hakuja kanisani. Amemwambia mama yake kwamba safari imekufa, na akienda Njoro atamwambia Gidioni atafute mteja wa gari. Hakuuliza kama mlima umefunguka.

Jumanne, 15 Aprili

Nimejua.

Jioni ilinyesha ya kuangusha migomba. Mama Veronika alikuwa ametega karai kubwa uwanjani, chini ya bati, pale pale gari lilipokuwa siku ile. Mvua ilipotulia nikaenda kulichukua. Karai lilikuwa limejaa, linamwagika. Lakini linamwagika upande mmoja tu, upande wa bondeni. Upande wa mlimani ulikuwa na vidole vinne vikavu kabisa, bati tupu, linang'aa.

Nikasimama pale na maji yananipita miguuni. Uwanja wetu umeinama! Nimeufagia tangu nilipoolewa, watoto wamecheza mpira humu, tumefanya harusi humu, kila mtu anasema kwa akina Rogath kuna uwanja tambarare. Sisi tuliozaliwa hapa hatujui tambarare ni nini. Ardhi ikiinama kidogo tunaiona imelala.

Gari lilikuwa limeelekea mlimani, mkia bondeni. Tundu la difu liko nyuma. Oili ilikimbilia kwenye tundu ikatema kabla tumbo halijashiba. Hayo ndiyo mambo yake aliyotaka kuniambia.

Nilimuuliza mama mkwe, kama natania, "Mama, hivi humu kwetu kuna mahali palipo sawasawa?"

Hakucheka. Mumewe alikuwa mzee wa mfongo, ndiye aliyegawa maji ya mfereji kwa vihamba vyote, mashamba ya koo, vya upande huu. "Sakafu ya mashine ya kumenyea kahawa," akasema. "Aliipima marehemu kwa maji, wakati wa ushirika. Nenda baada ya mvua, utaona maji yamelala."

Nimekwenda na mwavuli. Mashine imenyamaza tangu bei ya kahawa ilipoanguka, paa limeondoka, panya wanaishi humo. Lakini sakafu ipo. Maji yamekaa juu yake kidole kimoja, pande zote sawa, na mawingu yamo ndani yake. Nimesimama nikaangalia mpaka baridi ikanifukuza.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimeungama. Padri amesikiliza, ameuliza difu ni nini, nimeeleza, tumepoteza muda na foleni nyuma yangu ndefu. Amesema nimwambie mume wangu. Hilo nilikuwa nalijua bila kupanga foleni.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nilimwambia saa tisa, baada ya Njia ya Msalaba, tukiwa jikoni. Nilisema yote: chupa, theluthi iliyobaki, karai, uwanja. Nikaiweka chupa mkononi mwake aipime uzito.

Aliitikisa. Akasikia oili ndani.

"Uwanja nilijua," akasema. "Kila mara gari nilikuwa nalipeleka mashineni. Hilo kosa ni letu sote wa huku juu, hata mimi nililifanya nilipokuwa kijana, kwa lori la watu. Sijakasirika kwa difu."

Akaiweka chupa mezani.

"Uliniacha nijilaumu. Siku sita. Nilikaa barabarani nikalia mbele yako, na ulijua."

"Nilijua chupa haikuisha. Sababu sikuijua."

"Ulijua ya kutosha."

Akaenda kulala bila kula. Na mimi sikula.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kristo amefufuka. Rogath anaongea na mama yake, na ng'ombe, na redio.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Asubuhi Mama Veronika alinikuta naosha vyombo kwa hasira. Akauliza nani amekosa. Nikasema mimi. Akatoka, akaenda kwenye uzio, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akarudi nalo.

"Mama, mambo ya zamani hayo," nikasema. "Sisi ni watu wazima, tunaweza kuongea."

"Mngekuwa mnaweza, mngekuwa mmeongea."

Akaenda nalo kwa Rogath. Sisi wa mlimani isale ikishaletwa mbele yako, na aliyeibeba ni mtu wa kuheshimiwa, huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Nilisimama mlangoni. Alimwekea mkononi. Rogath hakuliona, lilikuwa nje ya bomba lake, lakini kidole gumba kikapita juu ya jani, kikafika kwenye fundo, kikasimama.

"Nani amelifunga?" akauliza.

"Mimi," mama yake akasema. "Nataka kula Pasaka nyumbani kwenye watu wanaosema."

Akasema kwa sauti, si kwa mama yake, "Mwalimu, oili iliyobaki ni safi? Haikuingia maji?"

Nikasema ni safi. Nimelia mpaka nikapata kwikwi. Tumekula kiburu, ndizi na maharage, wote watatu.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumelipeleka mashineni. Gidioni amepanda kutoka Njoro kufuata spana yake, ndivyo alivyosema, akasimama pembeni mikono nyuma, hakugusa kitu. Nilifungua nati ya juu kwanza, halafu ya chini, tuone sumaku. Rogath aliupapasa unga wa chuma kwa ncha ya kidole, muda mrefu.

"Unga tu," akasema. "Hakuna vipande."

"Meno yapo," Gidioni akasema. "Litaimba kidogo maisha yake yote, lakini halitakufa."

Tukajaza upya, gari limekaa sawa, maji ya sakafuni ni shahidi. Iliyotoka tuliichuja kwa kitambaa, na theluthi iliyobaki ikaingia nayo yote. Ndipo ikatema. Dipstiki ya gia boksi nikaisoma kwa sauti: ipo kwenye alama ya juu, barabara.

Kisha Rogath akaniuliza habari za mlima.

Umefungwa.

Alhamisi, 8 Mei

"Umefunguka?" Bado. Mvua ya usiku na mchana.

Jumatano, 14 Mei

Kliniki. Daktari amepima, hakusema mengi. Bomba limekuwa jembamba. Rogath ameniambia njiani kwamba sasa akimtazama mtu mlangoni anaona pua na mdomo, masikio lazima ayafuate. Alisema kama kichekesho. Sikucheka, naye hakutegemea nicheke.

Alhamisi, 22 Mei

Bado. Nimeanza kuuchukia ukungu huu ambao nimeupenda maisha yangu yote.

Jumanne, 27 Mei

Mvua imekonda. Nimelisomesha darasa la tano mzunguko wa maji, nikajikuta nazungumza juu ya mawingu peke yangu, wao wamelala.

Ijumaa, 30 Mei

Saa kumi na moja jioni umefunguka! Dakika kumi tu, ncha nyeupe juu ya migomba, ya waridi. Nilikimbia kutoka shuleni na chaki mkononi. "Umefunguka!" Rogath alikuwa ameshavaa viatu.

Jumamosi, 31 Mei

Ninaandika nikiwa nimechoka, lakini nataka kuandika leo leo.

Tuliondoka kumekucha. Mama Veronika alituwekea ndizi za kuchoma na akaliombea gari, mbele na nyuma, nyuma zaidi. Mimi usukani, Rogath kushoto kwangu, madirisha wazi kwa sababu anataka kusikia. Kwenye kipande kilichonyooka kabla ya Bomang'ombe, barabara tupu, akasema, "Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Hujakanyaga. Sijanunua gari la kubebea majani. Kanyaga, Mwalimu!"

Nikakanyaga. Kwanza hakuna kitu, halafu turbo ikaamka, kiti kikanisukuma mgongoni, na nikapiga kelele, mimi, mama wa miaka hamsini na mbili, mweka hazina wa Wawata, akina mama wa kanisa. Rogath alicheka mpaka akapaliwa. Nyuma difu ilikuwa inaimba, nyembamba, haina baya. Nikaelewa kwa nini hakununua ng'ombe.

Bomang'ombe tukanywa chai. Sanya Juu tukauliza njia. Baada ya hapo ni udongo mweusi na madimbwi, magurudumu manne yakafanya kazi yake, akawa ananiambia gia kwa kusikia injini tu. Mlima ulikuwa kulia kwetu, umejifunika nusu. Sikusema. Nilikuwa naogopa kuutazama.

Tulipofika Ngarenairobi, penye mashamba mapana, nikasimamisha gari ukingoni mwa shamba la ngano, pua ikielekea mlimani. Nikazima. Upepo, na ndege wadogo. Nikainua macho.

Ulikuwa wazi. Wote. Hakuna Mawenzi, kilele cha pili, huku, ni Kibo peke yake, amekaa mpana, na barafu upande huu ni ukuta, siyo kofia kama kwetu. Una mabega. Sikujua kwamba una mabega.

"Ni huu?" Rogath akauliza.

Nikamshika kidevu, nikamgeuza. "Huu."

Akaanza kutafuta. Kichwa kilikwenda taratibu, kushoto, kulia, juu, chini.

"Naona barafu," akasema. "Sasa naona mawe. Sasa wingu, au barafu tena." Akarudi nyuma, akatafuta upya. Nilihesabu pumzi zake. Mwishowe akaacha. "Hauingii, Mama Stella. Ni vipande tu. Nikishika kimoja, kingine kimeondoka."

Nikavunjika pale pale. Nikamwambia ni mimi, ningesema kweli Machi, tungekuja kabla ya Pasaka, wakati bomba lilikuwa pana.

"Kabla ya Pasaka kulikuwa na mawingu. Acha kulia. Mimi niliuona mwaka sabini na nane, mzima, bure. Wewe ndiye nilikuwa nakuleta."

Akajisogeza, akaegemea mlango wake, mgongo dirishani, akawa mbali nami kadiri gari linavyoruhusu. Akanitazama. Kichwa chake hakikutafuta tena, kilitulia.

"Uso wako unaingia," akasema. "Wote. Na kilemba." Akavuta pumzi. "Sasa usiniangalie mimi. Angalia mlima."

Nikaugeukia mlima, machozi yananitoka, nikauangalia, naye akaniangalia mimi, mpaka injini ilipopoa.